Vigae vya Chumvini

Hapo zamani za kale, na msiniulize ni lini hasa, maana hata aliyenihadithia mimi alikuwa hajui na akiulizwa anakuwa mkali, wanyama walikuwa na nyumba, na mafiga, na majirani. Na mwenye majirani, watoto wangu, hakosi maneno.

Palikuwa na mto mmoja mwembamba. Upande huu palikuwa Chumvini, nchi tambarare yenye chemchemi ya maji ya chumvi, walikokaa wakubwa: vifaru, nyati na viboko. Ng'ambo palikuwa na mlima wa mawe na udongo mwekundu, walikokaa pimbi. Pimbi mnamjua? Ni kama sungura aliyesahau masikio nyumbani.

Kazi ya Chumvini ilikuwa kuchemsha yale maji. Waliyatia vyunguni, wakachochea moto siku tatu, mpaka chumvi ikaganda ikawa ngumu kama jiwe, imeng'ang'ania chungu pande zote. Kuitoa kulikuwa na njia moja tu. Paa! Unavunja chungu, bonge la chumvi linabaki limesimama peke yake, jeupe, na umbo lile lile la chungu. Kila bonge moja, chungu kimoja. Na vyungu walivipata kwa pimbi, kwa kubadilishana na chumvi hiyo hiyo.

Mkuu wa Chumvini alikuwa Mzee Kifaru Mashaka. Jina hilo alipewa na babu yake, naye akalitumikia vizuri. Uji ukiwa wa moto, alisema mkewe anataka kumuunguza. Ukipoa, alisema kuna mtu kauchungulia. Macho yake yalikuwa hafifu, hata mtu akisimama hatua kumi alimwona kama kichaka. Lakini masikio! Alisikia mchwa akitafuna mlango wa jirani. Kwa hiyo jambo aliloambiwa usoni hakuliamini kamwe, ila alilolisikia kwa kujificha alilishika kama dini.

Siku moja Bwana Nyati, mpambe wake, alirudi kutoka mtoni anahema.

"Mzee, pimbi wameezeka nyumba upya! Nyasi mpya, mlima mzima! Na watoto wao wana mashavu hivi!"

Kifaru akaacha kutafuna. Mwaka ule chumvi ya Chumvini ilikuwa imekwenda vizuri, na mabonge yalitoka mengi kuliko siku zote. Akakumbuka mwaka wa nyuma yake, chemchemi ilipopungua. Mwaka ule pimbi nao walikonda mpaka mbavu zikahesabika.

"Hm," akasema. "Tukikonda, wanakonda. Tukinenepa, wananenepa. Hamlioni jambo hapo?"

"Silioni— yaani, naliona, Mzee," akasema Nyati, ambaye hakuona kitu.

"Wanatunyonya! Wametuwekea mrija!"

Mkewe, Mama Tabu, alikuwa pembeni anapepeta mtama. "Baba Tabu," akasema taratibu, "au labda tunanenepa pamoja."

"Wewe hujui dunia."

"Haya. Mimi napepeta tu."

Kesho yake asubuhi Kifaru akaenda mwenyewe kuchunguza. Akapita nyuma ya nyumba, kwenye jalala wanakotupa vyungu vilivyovunjwa. Akasikia: kwaruchu, kwaruchu, kwaruchu. Kuna mtu anachakura!

"Nani huyo?"

"Shikamoo Mzee Mashaka! Ni mimi, Siwema, wa ng'ambo."

Alikuwa Siwema Pimbi, mfinyanzi aliyesifika kupita wote mlimani, mfupi, mwepesi wa mguu na wa ulimi. Alikuwa ameshika kikapu, na kikapu kimejaa vigae.

"Marahaba. Unafanya nini kwenye takataka zangu?"

"Naokota vigae, Mzee, kama siku zote. Tunavisaga, tunachanganya unga wake na udongo mpya. Udongo mtupu ukiuchoma unapasuka. Ukitia unga wa kigae unastahimili moto."

Sasa huo, watoto wangu, ulikuwa ukweli mtupu, umesemwa mchana kweupe, usoni. Na ndiyo maana Kifaru hakuuamini.

Akacheka, "Ho! Ho! Ho! Nani achukue kilichokufa akichanganye na kinachozaliwa? Mtu anayeokota kitu katika jalala la mwenzake anakipeleka wapi? Kwa mganga! Nimekushika leo, mchawi mdogo wewe. Kila kigae unachobeba, unabeba bahati yetu!"

"Mzee, haki ya Mungu..."

"Weka chini!"

Siwema akaweka kikapu chini. Kifaru akapiga kwato, tifu! tifu!, akatangaza mbele ya Chumvini nzima: kuanzia siku ile kigae cha Chumvini hakivuki mto kwenda, na chungu cha mlimani hakivuki mto kuja. Vyungu wangejifinyangia wenyewe. Udongo si udongo?

Basi wakajifinyangia. Nyati akakanda kwa kwato zake, kiboko akalainisha kwa tumbo. Vikatoka vyungu vinene, vimependeza kwa wenyewe. Wakavipanga, wakavifunika nyasi na samadi, wakawasha moto, wakakaa kusubiri.

Paa!

"Nini hiyo?"

Paa! Paa! Papapapaa!

Moto ulipozimika hapakuwa na chungu hata kimoja kizima. Wakarudia, ikawa vile vile. Mara ya tatu kipande kikaruka kikampiga Nyati puani, akasema yeye kazi ya ufinyanzi basi.

"Mnaona?" Kifaru akanguruma. "Wametuloga! Nilisema mimi!"

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Chumvini hapaoti hata mchicha kwa ule uchumvi wa ardhi. Chakula chao chote kilikuwa mtama, na mtama uliletwa mara moja kwa mwaka na Tembo na msafara wake, kubadilishana na chumvi, mwezi wa mwisho kabla ya mvua. Mvua ikinyesha chemchemi inafurika na kazi imekwisha. Tembo akifika akakuta hakuna chumvi, anageuza na mtama wake mgongoni. Na katika ghala la Kifaru vilibaki vyungu kumi na kimoja, na midomo ya kula ilikuwa mamia. Kifaru aliogopa. Hakumwambia mtu.

Badala ya kuuliza, akaongeza kushuku. Kila siku alikwenda mtoni kutega sikio. Zamani mlimani palisikika twanga, twanga, twanga, tangu asubuhi. Sasa kimya.

"Wamenyamaza," akamwambia mkewe. "Wanapanga jambo. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Au hawana cha kutwanga," akasema Mama Tabu.

"Wewe! Kwani uko upande gani?"

"Upande wa ghala, Baba Tabu. Nalitazama kila siku linavyopungua."

Kumbe huko mlimani nako hali ilikuwa mbaya. Bila unga wa vigae, kila vyungu kumi walivyochoma pimbi vilipasuka tisa kabla ya kuiva, na kigae kisichoiva hakifai kusagwa. Na hicho kimoja kilichobaki hakikuwa na wa kukichukua. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni. Siwema mwaka ule hata gae hakuwa nalo.

Ikawa mchana mmoja Kifaru amejificha kwenye matete ya mtoni, amejikunyata, amebana pumzi. Alijiona amejificha barabara. Lakini ninyi mnajua kifaru hatembei peke yake. Wale ndege wanaomla kupe walikuwa juu ya mgongo wake, wanane, wanapiga kelele: chiri! chiri! chiri! Juu ya matete walionekana wao tu, wamesimama hewani kama wamekaa juu ya kiti.

Siwema na wifi yake wakashuka kuchota maji ng'ambo. Kifaru akasikia mtungi ukizama, bugu bugu bugu. Kisha kimya kidogo. Kisha Siwema akaanza kuzungumza, na ingawa alikuwa ananong'ona, alinong'ona kwa sauti inayovuka mto.

"Wifi yangu, mimi sasa nalala usingizi. Mzee Mashaka katufanyia hisani asiyoijua."

"Hisani gani tena?"

"Kuzuia vigae! Hujui? Dawa yetu ilivyozikwa, vigae vikikaa kule kule jalalani kwao vikarundikana, ndipo bahati yao inavuja yote kuja kwetu. Rundo likizidi, inavuja zaidi."

"Ala!"

"Nilikuwa nachukua kidogo kidogo ili wasishtuke. Sasa wamevilimbikiza wenyewe! Ninachoomba ni kimoja, wasije wakapata akili ya kuturudishia. Wakivimwaga mlangoni kwangu, pale kwenye jiwe la kusagia, wifi, nimekwisha! Bahati yote itarudi kwao."

"Shh! Usiseme kwa nguvu."

"Nani atasikia? Hapa tupo sisi na ndege."

Wifi akafanya sauti ya ajabu, kama mtu aliyepaliwa na maji. Kifaru hakuijali. Alijua! Alijua tangu mwanzo! Akatoka matete kinyumenyume, krakacha krakacha, akavunja nusu ya matete ya mto ule, akakimbia nyumbani.

"Vikapu!" akapiga kelele. "Leteni vikapu vyote! Magunia! Mikeka! Jalala lote livuke mto leo hii, kabla jua halijazama!"

"Si ulisema hakuna kigae kuvuka mto?" Nyati akauliza.

"Nilisema jana. Mimi si wa jana!"

Mama Tabu akasimama na ungo wake mkononi. "Baba Tabu, juzi mwanamke wa watu ulimnyang'anya kikapu kimoja. Leo unampelekea mia mbili?"

"Nimesikia siri yao kwa masikio yangu haya mawili!"

"Na aliyeisema alijua kuwa upo?"

"Nilikuwa nimejificha!"

Mama Tabu akawatazama wale ndege wanane, waliokuwa bado wametulia mgongoni kwa mumewe. Akachukua kikapu naye.

Basi ikawa msafara! Nyati wamebeba, viboko wamebeba, vifaru wamebeba, wanatoka jasho, wanapanda mlima kwa magoti. Wakafika mlangoni kwa Siwema, kwenye jiwe la kusagia, wakamwaga. Gwaragwaragwara! Vumbi likapanda mpaka mbinguni.

Siwema akajitupa chini. "Uwii! Uwii! Jamani tumekwisha! Nani kawaambia? Msimwage hapo! Uwii! Na hicho kikapu kilichobaki nyuma jamani, msije mkakimwaga nacho!"

"Kimwageni nacho!" Kifaru akaamuru, meno yote nje kwa furaha.

Njiani kurudi akapunguza mwendo. "Mbona kilio chake kilikuwa na mapigo kama wimbo wa kutwangia?" akajiuliza. Lakini mtu akishaona alichokuwa anakitafuta, hageuki nyuma.

Kesho yake alfajiri mlima ukaamka. Twanga! Twanga! Twanga! Siku nzima. Kisha moshi. Kifaru akatega sikio kusikia paa. Hakusikia paa.

Yeye huku akawaambia watu wake bahati imerudi, finyangeni tena. Wakafinyanga, wakachoma. Paa! Paa! Papapapaa! Nyati, ambaye safari hii alikaa mbali, akapigwa vile vile.

Zikabaki siku tano Tembo afike.

Kifaru akasema bahati imekwama kule kule kwenye vigae, akawakusanya wakubwa wote wa Chumvini, wakapanda mlima kwa vishindo. Juu wakakuta vyungu vimepangwa uwanjani, vyekundu, vya mviringo, safu kwa safu, zaidi ya mia. Siwema alikuwa anavijaribu kwa ukucha. Ngiii! Vililia kama njuga.

"Vigae vyetu viko wapi?" Kifaru akafoka.

"Karibuni, Mzee. Vigae vyenu vimo humo." Akaonyesha vyungu.

"Humo wapi? Umeviiba!"

"Mlinimwagia mlangoni wenyewe, nami nalia. Mlima wote shahidi."

"Sitaki maneno! Bahati ya Chumvini imo kwenye vigae. Vigae ni vyetu. Nataka vyetu!"

"Ni haki yako, Mzee," akasema Siwema kwa adabu, akarudi nyuma hatua moja. "Chako ni chako. Chukua vigae vyako vyote, hata chembe usibakize. Ila udongo ni wa mlima huu, huo niachie mimi."

Kifaru akaona maneno hayo yana haki. Na kwa kuwa yalikuwa na haki, akayashuku. Akayageuza kichwani huku na huku, hakuona mtego. "Nyati! Toa vigae vyetu humo!"

Nyati akachukua chungu, akakigeuza, akachungulia ndani, akachungulia chini. "Mzee, sivioni."

"Vunja!"

Ta! Vipande saba. Kifaru akainama, akavitia pua. "Hiki ni chetu au chao?"

"Kimo chenu na kimo chetu," akasema Siwema.

"Vunja tena!"

Ta! Ta! Ta! Vipande vikawa kokoto. "Na hii?"

"Nayo ni hivyo hivyo, Mzee."

"Saga!"

Nyati akasaga kwa kwato mpaka ukawa unga, mwekundu wote, rangi moja. Kifaru akasogeza macho yake hafifu, akasogeza, akasogeza, akanusa.

"HAA-CHWAAA!"

Unga wote ukaruka. Ukawapaka nyati nyuso, ukawapaka pimbi nyuso, ukapotelea hewani. Hapo palipokuwa na chungu hapakuwa na kitu.

Hata ndege wa mgongoni wakanyamaza.

Siwema akasema polepole, "Hicho ni kimoja. Vipo zaidi ya mia. Tuendelee kugawana, Mzee? Tembo anakuja baada ya siku tano."

Mama Tabu akapasua njia katikati ya wale wakubwa, ungo kwapani. "Hicho kilichopeperuka," akasema, "kingetoa bonge moja la chumvi. Bonge moja ni mtama wa nyumba moja. Haya, Baba Tabu, chagua nyumba itakayolala njaa. Kisha uvunje cha pili."

Kifaru alitazama safu za vyungu, ingawa aliona wekundu tu. Akayasikia matumbo ya watu wake nyuma yake, gururu, gururu, maana masikio yake hayakumficha kitu. Akasikia na matumbo ya watoto wa pimbi, nayo yanalia vile vile. Hilo hakuwa amelitegemea.

"Tukivichukua hivi vyungu," akasema kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba, "tukachemsha chumvi, si tutavivunja?"

"Mtavivunja."

"Na vigae..."

"Enhe?"

"Vitarudi kwako."

"Kama ilivyokuwa tangu enzi za babu yako, Mzee. Nanyi mtatupa chumvi kwa vyungu, kama siku zote."

Kifaru akaitikia kwa kichwa. Kisha masikio yake yakasimama wima, kwanza moja, halafu la pili. "Ngoja. Ile dawa uliyomwambia wifi yako kule mtoni..."

"Hakuna dawa."

"Ulijuaje kuwa nimo kwenye matete?"

Wifi hakuweza tena. Akaanguka chini, anacheka, miguu juu, anaonyesha kidole mgongoni kwa Kifaru. Na wale ndege wanane, kama walioitwa majina, wakajibu: chiri! chiri! chiri!

Siwema hakucheka. Alimsogelea mpaka akawa chini ya pembe yake, akainua uso.

"Mzee Mashaka, ukweli nilikuambia usoni pale jalalani, ukaukataa. Uongo nikausemea mtoni, ukaubeba kwa vikapu mia mbili mpaka mlangoni kwangu. Mimi nilikuwa na watoto wenye njaa. Ungekuwa mimi, ungesema upi?"

Kifaru akashusha masikio. Aibu ilimshika, na aibu ya kifaru ni kubwa kama mwenyewe. Akainama, akachukua chungu cha kwanza kwa pembe yake, taratibu, asikikwaruze, akashika njia ya mtoni. Wengine wakafuata.

Moto wa Chumvini haukuzimwa mchana wala usiku. Siku ya tano Tembo alipotokea, mabonge yalikuwa yamejipanga, meupe, na mengine bado ya moto. Mtama ukashuka Chumvini, na kwa ile chumvi yao pimbi nao wakapata wao.

Mashaka hayakumwisha Kifaru, msidanganyike, hata leo hajaamini kwamba uji unapoa wenyewe. Bado huenda mtoni kila siku na ndege wake kutega sikio. Ila sasa anasikiliza jambo moja. Asiposikia twanga, twanga kutoka mlimani, huwaita wenziwe: "Pelekeni kikapu haraka! Jirani kanyamaza!"

Mimi mto nimeshauvuka na kigae changu hiki hapa mkononi. Nanyi shikeni hili: jirani yako akinenepa usimtafutie uchawi, tazama kwanza kinachovuka mto kati yenu.